Majina Chini ya Wimbo

Karani Ndihokubwayo alifika kwa Bernardine miguu mitupu, viatu vyake vyeusi kavishika mkononi, na hilo peke yake lilitosha kumtia mwanamke hofu. Tangu aajiriwe kwenye biro ya teritwari, ofisi ya yule mzungu aliyeitwa Ajenti, hakuna mtu wa mtaa wa Mulongwe aliyewahi kuuona unyayo wa karani yule. Hata kwenye maziko alisimama mbali na udongo uliochimbwa. Asubuhi hii alikuwa amepita ufukoni, nyuma ya nyumba za watu, suruali kaikunja hadi magotini, ili asionekane barabarani akielekea kwa mchapa nyimbo.

"Mama Félicité, bwana yako iko?"

"Iko ndani, iko napiga mashine. Karibu uikale."

"Siikale. Muite mbio. Na ufunge ule mulango."

Bernardine aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa anauchambua, akafunga mlango wa ua, akamwita mumewe. Gaspard alitoka mikono ikiwa myeusi kwa wino hadi kwenye vifundo, kama alivyokuwa kila siku ya Mungu, akacheka kuona miguu ya karani.

"Ndugu yangu, viatu vimekufanya nini?"

"Usicheke. Ile karatasi yenu ya kumi na ine, ile ya pamba, iko juu ya meza ya Ajenti. Monita wa pamba, ule wa mizani, njo alimuletea. Nimeiona na macho yangu leo, wakati naingiza barua. Amekata mustari na kalamu nyekundu. Na si chini ya maneno, bana. Chini ya majina."

Kicheko kilimwisha Gaspard.

Ili ubaya wa habari hii ueleweke, lazima ijulikane jinsi Gaspard alivyokuwa akifanya kazi yake. Noti alifundishwa na mapadri seminarini, kabla hajamwona msichana wa bondeni na joho likamshinda. Aliponunua mashine kuukuu ya misheni ya kunakili karatasi, alipigilia ubao juu ya mlango wake, NYUMBA YA NYIMBO, UVIRA, akaanza kuzunguka na daftari kwenye harusi, kwenye pombe na kwenye mashamba ya bonde la Ruzizi. Alisikiliza, akaandika sauti kwa tarakimu, moja ikiwa do, mbili ikiwa re, na maneno chini yake, kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili. Nyumbani alichora yote juu ya karatasi ya nta, akapitisha wino, zikatoka nakala. Walimu wa shule walinunua, makatekista walinunua, na wapiga gitaa wa Uvira na wa Usumbura walinunua zaidi ya wote.

Lakini karatasi tatu za kwanza zililala sandukuni. Watu wa bondeni walizigeuzageuza, wakauliza, "Wimbo huu ni wa nani?" Kwao wimbo usiotajwa mwenyewe ni mali ya wizi: hata kwenye pombe anayeinua wimbo husema kwanza ni wa fulani wa mahali fulani, ndipo afungue kinywa. Basi kuanzia karatasi ya nne Gaspard akawa anaandika chini jina la mwenye wimbo na kijiji chake, na majina ya wanaompokea kwa kuitikia. Hapo biashara ikafunguka. Watu wasiojua kusoma hata herufi moja walinunua, wakaomba waonyeshwe kwa kidole jina la shangazi yao limelala wapi, wakaibandika ukutani kando ya Bikira Maria.

Chini ya karatasi ya kumi na nne palikuwa na majina saba. La kwanza lilikuwa hili: Apollinarie, mjane, wa Luberizi. Huyo alikuwa mama yake Bernardine.

Na Gaspard hakutaka kuichapa. Alisema wimbo unauma, na kuna masikio mabaya. Ni Bernardine aliyemkalia kooni wiki nzima. Mama za watu wote umewaweka, alimwambia, wangu unamuacha kwa sababu gani, yeye si mutu? Aliyakumbuka maneno hayo sasa, neno kwa neno.

"Ajenti anasema nini?" Gaspard aliuliza.

"Anasema hii si wimbo, ni mukutano. Majina saba ni chama, anasema. Weye utaitwa saa ine. Yeye akitoka kula anapanda Luberizi. Leo ni soko ya pamba, bamama bote batakuwa kwenye mizani. Anataka kubaita kwa jina, moya moya."

"Kubafunga?" Bernardine aliuliza, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine.

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Kila mtu alimjua yule mjane wa Kamanyola aliyekaanga mbegu za pamba ya lazima kabla ya kuzipanda, ili zisiote, apumzike msimu mmoja. Alitiwa buloko miezi miwili, akatoka kifua kimeharibika, hakuuona mvuno uliofuata. Na yule alikuwa mwanamke wa nguvu zake. Apollinarie alikuwa anakohoa tangu Bernardine akiwa msichana. Mvua moja tu ilimlaza mkekani siku tatu.

Ndihokubwayo alitoa kitu ndani ya shati lake. Ilikuwa nakala yake mwenyewe ya karatasi ya kumi na nne, aliyoinunua mwezi uliopita kwa madaha mbele ya watu. Aliiweka juu ya ungo wa mchele.

"Muchome na hii. Na leo hamukuniona," alisema. Akachungulia nje, akarudi ufukoni kwa njia ileile. Faranga aliyoinunulia hakuiulizia.

*

Walichoma karatasi kwenye mafiga, na kwa kuwa maharage yalikuwa tayari juu ya moto, yaliivia hapohapo. Gaspard alisukuma nakala ndani kwa kijiti, Bernardine akavunjavunja majivu ili herufi zisibaki. Mtoto wao Félicité, wa miaka minne, aliomba apewe moja achoree. Mama yake alimpiga kofi, na hakuwa amewahi kumpiga namna ile.

"Nimewaza," Gaspard alisema. "Nitasema njo minye nilitunga. Nitasema majina niliyabuni tu, juu ya biashara, juu batu banapenda kuona majina."

"Batakufunga."

"Minye batanifunga hata nikisema kweli, juu nilichapa. Ile haina dawa. Lakini mama yako akiingia buloko na kile kifua, hatatoka."

"Ni minye nilikusukuma, baba Félicité."

"Ulinisukuma, kweli. Lakini miguu ilikuwa yangu." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Ndipo Bernardine alipoona kwamba na yeye anaogopa, anaogopa sana. "Wende Luberizi sasa hivi, mbele ya motokari yake. Umwambie mama mukwe aseme hajui huu wimbo. Na bale bamama sita vilevile. Neno moja tu, bote: hatujui."

Polisi alifika kabla ya saa nne, peke yake, akitafuna muwa. Hakumfunga Gaspard kamba. Alimwamuru achukue mashine ile, aitwike kichwani mwenyewe, atangulie. Ilikuwa chuma tupu, watu wawili walikuwa wakiibeba kwa kupumzika. Gaspard aliitwika. Wino uliobaki ndani ukamchuruzika usoni na kwenye kola ya shati jeupe, na hivyo ndivyo alivyopitishwa katikati ya Mulongwe, akiyumba kwenye matope ya mto, mbele ya watu waliozoea kumwita mwalimu. Siku nyingine wangemwimbia mstari wa utani. Leo wanawake walikuwa na haraka ya kuingia ndani, na wanaume waligundua kuna jambo la kutazama ziwani.

Bernardine alimpeleka mtoto kwa jirani yake Sabine. Sabine alimpokea. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, anabandua karatasi ya wimbo ukutani kwa kisu cha jikoni, taratibu, ili udongo usianguke.

*

Lori la mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, lilikuwa linapanda Bukavu, na dereva, Nyandwi, alikubali kumweka juu ya magunia. Bernardine aliketi akitazama nyuma, si mbele. Kila vumbi lililoinuka barabarani alidhani ni motokari. Moja lilikuwa pikipiki ya padri. Jingine upepo tu. Kichwani mwake alirudia aliloagizwa, hatujui, hatujui, mpaka neno likapoteza maana.

Karibu na mashamba ya mpunga kundi la ng'ombe lilifunga njia. Nyandwi akazima injini, akashuka, akaanza kuulizana na mchungaji habari za nyasi, kisha za ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kwa jina.

"Kaka, nakuomba tuende," Bernardine alisema kutoka juu.

"Dada, ngombe hasukumwi. Kuna mutu anakufa?"

Alitaka kusema ndiyo. Lakini hakujua Nyandwi ni mtu wa nani.

Soko la pamba la Luberizi lilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, na chini yake mizani moja kubwa, na nyuma ya mizani monita na kalamu yake. Mstari wa wanawake ulianzia pale ukaishia mbali juani. Bernardine alimwona mama yake kabla hajashuka: mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, kapu lake miguuni. Alikuwa anacheka na mwenzake Pudentienne. Jua lilikuwa limekwisha kupinda.

Alimvuta nyuma ya rundo la magunia.

"Mama, sikiliza, hakuna wakati. Wimbo wako umefika kwa Ajenti. Iko nakuja hapa, leo, sasa hivi. Ataita jina lako. Useme si yako. Useme hauijui."

Apollinarie alimtazama bintiye juu hadi chini, vumbi lote lile.

"Mwana wanje, umekula?"

"Mama!"

"Nimesikia. Unataka nikatae wimbo yangu."

"Ni buloko, mama. Na kifua chako unakijua."

"Kifua nakijua. Na wimbo nauijua." Hakupaza sauti, alikuwa mtu wa sauti ya chini isipokuwa akiimba. "Baba yako alikufa pamba ikiwa ingali mashambani. Nilivuna peke yangu. Nilibeba mpaka hapa, shingo ikalia. Ule kijana wa mizani akasema kilo kumi na mbili. Kumi na mbili, Bernardine! Minye nilibeba, shingo yangu haijui kusoma lakini inajua kupima. Njia yote ya kurudi nililia, na kile kilio, nikifika kwa mulango, kilikuwa kimekuwa wimbo. Sikukitafuta."

"Najua, mama."

"Haujui. Kwa harusi ya mutoto wa Nizigiyimana walinipa kiti. Kiti cha mugongo, minye mujane. Katekista akasoma jina yangu mbele ya batu. Shamba ni la chifu, mbegu ni za bazungu, na weye ulichukuliwa na Muvira. Nimebaki na ile jina."

Hapo Bernardine akakosea. Kwa hofu, na kwa haraka, alitoa lile ambalo angelimeza.

"Hata ukikubali haitasaidia. Gaspard amekwisha kusema ni yeye alitunga."

Uso wa Apollinarie ulibadilika. Mtu wa mbali angedhani ametukanwa, na asingekosea.

"Mukwe wangu ataniiba mbele ya batu?"

"Anakuokoa!"

"Ule mutoto alikuja kwangu na daftari, akaikala chini, akaniuliza wimbo ni wa nani. Ni yeye aliuliza. Sasa anasema ni yake?" Akajitwika kapu. "Nirudi kwenye mustari, watanipita."

Bernardine alisimama pale akilia bila sauti. Kisha alijipangusa kwa ncha ya kitenge, akaenda kwa wale wengine. Aliwafuata mmoja mmoja kwenye mstari, akajifanya anawasalimia, akawanong'oneza. Kwao hapakuwa na ubishi. Hofu ilipita kwenye mstari ule kabla yake. Wengine walikuwa wamekwisha kuacha kuzungumza. Pudentienne, aliyekuwa mpokeaji wa kwanza wa nyimbo zote za Apollinarie tangu wakiwa wasichana, alimshika mkono kwa nguvu.

"Kwa hiyo minye niseme sijui?"

"Useme haujui, mama Pudentienne."

"Ile naweza," alisema Pudentienne, na hakumtazama machoni.

*

Motokari ya Ajenti ilifika na vumbi lake. Alikuwa kijana bado, mwekundu kwa jua, karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati. Nyuma waliketi polisi wawili, na katikati yao Gaspard. Walimwambia aruke chini, akaruka vibaya: mkanda wake walikuwa wameuchukua, na suruali alilazimika kuishika kwa mkono mmoja. Wino ulikuwa umekauka usoni mwake. Baadhi ya wanawake walifunika midomo. Walimjua, alishakula ugali kwenye nyumba zao.

Mizani ilisimamishwa. Ajenti alifungua karatasi, akasoma mistari mitatu kwa Kiswahili chake cha biro, kwa sauti kavu, na ajabu ni kwamba hata ikisomwa hivyo iliuma:

"Nimebeba pamba, imenivunja shingo. Nimefika kwa mizani, imekuwa manyoya. Wenzangu, nani alikula uzito wangu?"

Jibu la wapokeaji hakulisoma. Alimtazama monita, na monita akatazama chini. Jibu lenyewe lilisema amekula mwenye mizani, na njaa haijamtoka.

"Huyu mutu," Ajenti alisema, akimwonyesha Gaspard, "anasema wimbo ni yake, na majina ni ya bure. Anasema hapa hakuna Apollinarie. Basi nauliza: Apollinarie iko?"

Mtoto mgongoni mwa mtu alilia, akanyonyeshwa haraka. Bernardine alikuwa amesimama hatua tano nyuma ya mama yake, na aliona mabega ya mama yakipanda kidogo, kama yanavyopanda ya mtu anayetaka kuimba. Akaomba kwa Bikira Maria, akaomba kwa baba yake aliyekufa, akaomba kikohozi kimbane mama wakati huu huu.

"Niko," alisema Apollinarie.

Alitoka mstarini, akaliacha kapu, akasimama mbele ya motokari.

"Minye njo Apollinarie. Ule ni mukwe wangu. Ni mutu muzuri, bwana, lakini leo anasema uongo. Wimbo ni yangu."

"Mama mukwe, nakuomba," Gaspard alisema. Polisi alimsukuma kwa kitako cha bunduki, akaangukia goti, na suruali ikamponyoka. Alihangaika kuipandisha mbele ya wanawake wote wale, mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo kwa watu wa huko ni baya kuliko kupigwa fimbo hadharani. Apollinarie alifumba macho kwa heshima.

Bernardine hakukumbuka baadaye alivyofika mbele. Alijikuta tu yuko kati ya mama yake na mzungu, amepiga magoti vumbini.

"Bwana Ajenti, ule ni mama yangu. Usimusikilize. Tangu baba alikufa, akili yake ilitoka. Kila wimbo anasema ni yake. Hata ya misa, bwana. Kanisani anasimama anasema ni yake. Tumemuzoea."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Hakuthubutu kugeuka nyuma.

Ajenti alicheka kidogo, kisha akaacha. Alinyosha kidole kwenye mstari, kikamwangukia Pudentienne.

"Weye. Ni kweli?"

Pudentienne alitazama vidole vya miguu yake. Jina lake lilikuwa la pili kwenye karatasi ile.

"Kweli, bwana. Iko na wazimu."

"Na weye?"

"Iko na wazimu, bwana."

Aliuliza wanne, na wanne wakajibu vilevile, na kila mmoja alijibu upesi kuliko aliyemtangulia. Apollinarie aligeuza kichwa kwa kila sauti, akimtazama anayesema, kwa utulivu, kama mtu anayewahesabu watu wa nyumba yake baada ya moto.

Lakini Ajenti hakuwa mjinga. "Nzuri," alisema. "Mwenye wimbo anajua kuimba wimbo. Aimbe."

Apollinarie alijikohoza. Akainua kidevu. Na sauti ilipotoka ilikuwa kubwa, ya zamani, hata polisi walisimama sawasawa. Alitupa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu: wenzangu, nani alikula uzito wangu? Kisha akanyamaza, akangoja.

Wimbo wa kazi wa bondeni hauimbwi na mtu mmoja. Mwenyewe hutupa, wenzake hupokea, na mpaka umepokelewa hauendi mbele. Hakuna anayejipokea mwenyewe, mtu hana midomo miwili. Tangu Apollinarie auimbe kwa mara ya kwanza shambani, hakuwahi kumaliza kutupa kabla Pudentienne na wenzake hawajadaka, tena kwa furaha, maana mahali pale pa kumtaja mwenye mizani ndipo palipokuwa na utamu.

Hakuna aliyepokea.

Alitupa tena mstari wa tatu. Wenzangu, nani alikula uzito wangu? Upepo ulipiga mabati. Bernardine, magotini, aliusikia mpokeo umemjaa kinywani, umemfika kwenye meno, kwa kuwa aliuimba kila siku akifua na akitwanga, na mwili haujui siasa. Akang'ata ulimi mpaka akaonja damu. Alimwona Gaspard naye amebana midomo, machozi yanachora njia kwenye wino.

Mara ya tatu sauti ya Apollinarie ilikwama katikati ya neno wenzangu. Kikohozi kikamshika, kile kile ambacho binti yake alikuwa amekiomba, kikamkunja hadi akaweka mikono kwenye magoti. Kilipomwachia, hakujaribu tena.

Ajenti alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Inatosha. Haiweze hata mistari ine. Mutoe kwa jua." Akamgeukia Gaspard. "Basi ni weye. Panda."

Gaspard alipanda, mkono mmoja ukiwa kwenye suruali. Alimtazama mkewe, akatikisa kichwa mara moja, ishara ya kusema imefaulu. Na ilikuwa imefaulu kweli. Hivyo ndivyo ilivyokwisha Nyumba ya Nyimbo ya Uvira, baada ya miaka mitatu na karatasi kumi na nne, na mashine yake ikabaki nyuma ya biro ya teritwari ikiota kutu.

*

Motokari ilipoondoka, monita aligonga mizani kwa kalamu, na mstari ukaanza kusogea. Wanawake walijitwika makapu bila kutazamana. Mtu alikuwa amelisogeza kapu la Apollinarie mbele hadi kwenye mizani, akampisha. Kwa huruma, au kwa kutotaka kusimama karibu naye.

"Mama," Bernardine alisema. Alijaribu kumshika kiwiko. "Mama, uko hai. Uko hai, uko nyumbani kwako. Nisamehe."

Apollinarie aliondoa kiwiko chake, si kwa hasira, akanyanyua kapu, akaliweka juu ya bamba la mizani. Sindano ilipanda, ikasimama mahali ilipotaka kusimama. Monita aliandika uzito. Kisha, bila kuinua macho, akauliza kama alivyomuuliza kila mtu siku ile, ingawa alikuwa amempimia mwanamke huyu pamba miaka minane:

"Jina?"

Apollinarie alifunga kitambaa chake vizuri. Hakumtazama monita, wala hakuitazama sindano.

"Uliza ule mwanamuke pale nyuma," alisema. "Yeye njo anajua naitwa nani."

Monita aliinua kalamu, akamtazama Bernardine. Mstari mzima ukamtazama. Bernardine alifungua kinywa, na kabla hajalitaja jina la mama yake, aligeuka kwanza kutazama barabara, kuhakikisha kwamba motokari imekwenda kweli.